Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Afya ya Umma, Kaunti ya Mombasa: mende aangamizwe kwa jengo zima

Mheshimiwa Mkurugenzi,

KUH: MENDE KATIKA NYUMBA ZA KUPANGA NA HOTELI ZILIZO CHINI YAKE

Pokea salamu zangu. Mimi ni mwanamke wa Majengo, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikiuza mahamri na mbaazi asubuhi na pilau mchana, katika hoteli ndogo iliyo chini ya jengo la ghorofa tatu ambalo juu yake wanakaa wapangaji. Nakuandikia kuhusu mende. Sisi wenye hoteli hulinyamazia jambo hili kwa kuogopa kukimbiza wateja, nami nimelinyamazia muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Niseme mapema kwamba sina lalamiko juu ya maafisa wako. Waliofika kwangu waliuliza vyeti vya afya vya wapishi na leseni, wakapewa. Ombi langu ni kwamba dawa ya mende isihesabiwe tena kwa jiko moja au chumba kimoja, bali kwa jengo zima, kuanzia hoteli iliyo chini hadi chumba cha juu kabisa, pamoja na shimo la choo lililo nyuma.

Kilichonifikisha hapa ni kosa langu mwenyewe. Mwaka jana, siku chache kabla ya Ramadhani, nilimwita mtu wa kupiga dawa, naye akaja na pampu mgongoni, akanyunyiza sakafu, kuta na uvungu wa sinki kwa muda usiofika nusu saa, akanikatia risiti na kwenda zake. Jioni nilizoa mende waliokufa wa kujaza kizoleo, nikalala nikijiona nimemaliza kazi. Asubuhi ya pili yake, mama wa ghorofa ya kwanza, ambaye mwanawe ana pumu, alishuka na kopo la maziwa lililofunikwa kwa kisahani. Alikisogeza kisahani kidogo tu, akaniambia, "Dada, wageni wako wamehamia kwangu." Ndani yake mlikuwa na mende wadogo wa rangi ya hudhurungi, wazima kabisa, wakiparamia ukingo. Walikuwa wamepandia kwenye tundu linalopita bomba la maji machafu, tundu ambalo fundi aliliacha wazi tangu jengo lilipojengwa. Haikupita miezi miwili wakawa wamerudi kwangu, na risiti bado ilikuwa imebandikwa ukutani.

Nilipoanza kuuliza na kusoma, niliona kwamba hakuna la ajabu lililotokea. Dawa nyingi za kunyunyiza ni za jamii ya pairethroidi, kemikali za kushambulia neva za wadudu, na mende anayeionja kidogo bila kufa huikimbia, akaingia ufa wa jirani. Isitoshe, mende jike wa aina hii ndogo hubeba mayai yake, thelathini mpaka arubaini hivi, ndani ya kifuko kigumu alichokibana mkiani mpaka yanapokaribia kuanguliwa, na dawa haipenyi kifuko hicho kwa urahisi. Mtoto wa mende hukomaa kwa miezi miwili au mitatu, na katika joto letu huwa haraka zaidi. Kwa hiyo anayepiga dawa mara moja na kupotea huwa ameua wazazi na kuacha watoto.

Itafaa tutofautishe aina mbili, kwa kuwa makao yao si mamoja na dawa yao si moja. Yule mkubwa anayeruka usiku wa joto, mwenye urefu wa karibu sentimita nne, ndiye wataalamu wamwitaye mende wa Kimarekani, ingawa asili yake ni Afrika. Huyu ni mwana wa shimo la choo na mtaro, na katika mji ambao nyumba nyingi bado zinategemea mashimo badala ya mifereji ya maji taka, ana makao ya kutosha. Yule mdogo, wa sentimita moja na nusu hivi, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, huitwa mende wa Kijerumani, na huyo naye si Mjerumani: utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2024 umeonyesha kwamba chimbuko lake ni Asia ya Kusini. Huyu haishi nje. Huishi pale penye joto, unyevu na mafuta ya kupikia, yaani jikoni kwangu. Wazee wetu hawakuhitaji maabara kumjua. Walimwita kombamwiko, na jina hilo linatosha kueleza anachofanya.

Ukitaka kumwona, zima taa za jiko usiku wa manane, subiri dakika kumi, kisha mulika tochi kwenye mlango wa friji. Mimi niliwakuta ndani ya mkunjo wa ile raba ya mlango, wamebanana kama tende kwenye kifurushi, vipapasio tu ndivyo vilivyotokeza. Sakafu niliyoifanyia fujo lote lile la pampu haikuwa na hata mmoja. Walikuwa kwenye raba, nyuma ya mota ya friji, ndani ya tundu la swichi, chini ya kibao cha kukatia chapati na katika makunjo ya makatoni ya mayai niliyokuwa nikiyaleta jikoni mwenyewe kutoka soko la Kongowea. Wala usidhani kwamba shida yetu ya maji inawasumbua. Mende huyu akiwa na maji huweza kukaa takriban mwezi bila kula, ilhali bila maji hamalizi wiki mbili hivi. Nasi kwa sababu maji ya bomba hayatoki kila siku, kila nyumba ina mitungi, mapipa na ndoo zinazovuja polepole usiku kucha.

Dawa iliyonisaidia ni ya jeli, ile ya chambo, inayotiwa kwa bomba dogo matone ya ukubwa wa punje ya dengu, moja hapa na moja pale, karibu kabisa na maficho yao. Nguvu yake iko katika tabia zao zinazochukiza: mende hula kinyesi cha mwenzake na hula maiti ya mwenzake, kwa hiyo aliyekula jeli hurudi kwenye ufa na kuwaua wengine ambao hawakutoka. Lakini ina masharti. Mafuta yaliyoganda nyuma ya jiko yasuguliwe kwanza, la sivyo watashiba hayo na kuiacha. Isinyunyiziwe dawa nyingine juu yake, kwa kuwa wataikwepa. Na ibadilishwe aina mara kwa mara. Mwaka 1993 iliripotiwa huko Marekani kwamba kuna mende wa Kijerumani waliokuwa wakikataa chambo chenye glukosi, yaani aina ya sukari, na mwaka 2013 watafiti wakaeleza kwamba kwa mende hao glukosi ina ladha chungu. Kwa sisi watu wa halua, mende anayekimbia sukari ni kichekesho, lakini kwa mwenye chambo cha namna moja tu ni hasara. Unga wa asidi ya boriki nao unafaa, ila hewa ya pwani huufanya ugande, na ukishaganda haumshiki mdudu.

Hata hivyo, jeli yangu ilifanya kazi kwa ukamilifu pale tu wapangaji wa juu walipokubali kuiweka siku moja nami, na tundu la bomba likazibwa kwa saruji. Hapo ndipo ninapohitaji mkono wako, Mheshimiwa, kwa sababu mimi niliwabembeleza majirani kwa chai na mahamri, na si kila jengo lina majirani wanaobembelezeka, wala mwenye nyumba anayepokea simu. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inaihesabu nyumba iliyojaa wadudu kiasi cha kudhuru afya kuwa kero, na inampa afisa wa afya uwezo wa kutoa ilani ili kero hiyo iondolewe. Katiba ya 2010 nayo, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti udhibiti wa biashara zinazouzia umma chakula. Naomba uwezo huo uelekezwe kwa mwenye jengo: azibe matundu ya mabomba, afunike shimo la choo kwa kifuniko kisicho na ufa, na agharimie dawa ya vyumba vyote kwa siku moja na marudio yake, badala ya kila mpangaji kumfukuzia mwenziwe.

Kwa upande wetu sisi wenye hoteli, risiti ya kupigiwa dawa isihesabiwe kuwa ushahidi wa lolote. Mitego ya gundi ya karatasi si ghali. Iwekwe mitatu au minne nyuma ya friji, chini ya sinki na stoo, ilale usiku mmoja, na afisa ahesabu walionaswa. Hesabu ya mwezi huu ikilinganishwa na ya mwezi ujao itamwambia ukweli ambao karatasi yenye muhuri haiwezi kumwambia, na mwenye hoteli anayejitahidi hatachanganywa na anayedanganya.

Jambo la dawa za mikokoteni nalitaja kwa ufupi kwa sababu unalijua. Kule Mwembe Tayari na Marikiti kipaza sauti hutangaza dawa ya panya, mende na kunguni kutwa, na nyingine huuzwa katika chupa za soda zisizo na kibandiko, zikaenda kuwekwa uvunguni mwa kitanda cha mtoto. Bodi ya kusajili dawa za wadudu ipo nchini. Dawa isiyo na jina lake wala namba ya usajili isiuzwe karibu na chakula.

Narudi kwa yule mtoto wa ghorofa ya kwanza, maana suala hili halikomei kwenye karaha. Kinyesi, mate na magamba ya mende hukauka yakawa vumbi, na vumbi hilo huamsha pumu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1997, uliohusisha watoto 476 wenye pumu katika mitaa ya miji mikubwa, ulionyesha kwamba wale wenye mzio wa mende waliokuwa wakilala katika vyumba vyenye vumbi hilo kwa wingi ndio waliolazwa hospitali mara nyingi zaidi. Mamake aliniuliza kama moshi wa dawa yangu ndio uliomzidishia mwanawe au ni mende wenyewe, nami sikuwa na la kumjibu.

Ikiwa utapenda kujaribu utaratibu huu mahali pamoja kabla ya kuueneza Mvita yote, jengo letu liko tayari na wapangaji wamekubali. Ufunguo wa mlango wa nyuma ninao mimi. Afisa wako afike baada ya Isha, hoteli ikiwa imefungwa na jiko limepoa, aje na tochi. Saa nne asubuhi hataona kitu.

Wako mwaminifu,

Mpishi na mwenye hoteli, Majengo, Mombasa