Furaha ya mgonjwa asiyepona huanzia kwenye saa ya dawa

Mhariri,

Habari za saratani magazetini huwa ni za kinga, vipimo na waliopona. Yule ambaye madaktari wamemwambia ugonjwa wake hauponi hutajwa mwishoni, kana kwamba kazi iliyobaki ni kumsubiria. Sisi ni wauguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa wa namna hiyo, na tunatembelea wagonjwa majumbani. Tunaomba nafasi tuizungumzie miezi hiyo, na kwa wengine miaka, ambayo mtu anaendelea kuishi. Ndani yake mna kahawa ya barazani, mna bao, mna mjukuu wa kusuka nywele. Lakini havimfikii mgonjwa bila watu wa nyumbani kuviandaa.

Maumivu ndiyo ya kwanza. Mofini ya maji, dawa kali ya maumivu inayotolewa hospitali, hufanya kazi kwa takriban saa nne, kwa hiyo hunywewa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku, ambapo wagonjwa wengi huandikiwa dozi maradufu ili walale mpaka alfajiri. Kosa tunalolikuta nyumba baada ya nyumba ni kumbania mgonjwa dawa mpaka aanze kulia, eti asije akazoea. Maumivu yakishapanda, dozi ileile haiyashushi tena kirahisi, na siku nzima imekwenda. Anayekunywa mofini kwa maumivu ya saratani, kwa kipimo alichoandikiwa, kwa kawaida hageuki teja. Usingizi na kichefuchefu cha siku za mwanzo kwa kawaida hupungua. Kinachobaki ni choo kigumu, na ndiyo maana dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile ya mofini. Siku tatu zikipita bila choo, mwambieni muuguzi, kwani tumbo lililofunga humnyima mtu hamu ya kula na hata ya kuongea.

Dawa ipimwe kwa sirinji, maana vijiko vya jikoni havilingani. Chupa ikae mbali na jua na watoto. Mgonjwa akiwa mzito kuamka, akianza kuona mauzauza au kupumua polepole kuliko kawaida, msimpe dozi inayofuata kabla ya kuongea na mhudumu wa afya.

La pili watu hulisema kwa kunong'ona: harufu. Saratani ya titi ikishapasua ngozi, wageni huanza kuishia mlangoni, na mgonjwa anaelewa kwa nini. Hapa dawa ipo na si ghali. Chemsheni nusu lita ya maji, tieni kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaacheni yapoe. Nusu saa baada ya dozi ya mofini, lowesheni bandeji kwa maji hayo mpaka iachie yenyewe. Mkiibandua ikiwa kavu, kidonda kitavuja damu, na kesho mgonjwa atakataa kuguswa. Mwagieni maji taratibu bila kusugua. Kisha nyunyizeni unga wa vidonge vilivyosagwa vya metronidazoli, ile ambayo mitaani huitwa flajili, kwa kiasi atakachowaelekeza muuguzi, na funikeni kwa kitambaa kilichofuliwa, kikakaushwa juani na kupigwa pasi. Harufu ile hutoka kwa bakteria wanaoishi kwenye nyama iliyokufa, ndiyo maana udi na manukato huifunika kwa dakika chache tu. Unga huo ukitumika kila siku, kwa kawaida harufu hupungua ndani ya siku chache, na jirani anaweza kuvuta kiti karibu. Kwa saratani ya shingo ya kizazi dawa ni hiyohiyo, ila njia ya kuitumia ni nyingine. Mwulizeni muuguzi, wala msione haya.

Kwenye chakula ndiko familia zinapoumia zaidi, kwa sababu kwetu kumpenda mtu ni kumlisha. Ugonjwa ukifika mbali, mwili haukitumii chakula kama zamani, na kumlazimisha mtu amalize sahani huishia kwenye kutapika na ugomvi. Pakueni vijiko viwili vitatu kwenye kisahani, mara tano au sita kwa siku. Kama harufu ya mapishi inamchefua, pikieni mbali naye na mumpe chakula kikiwa vuguvugu. Anayesema nyama ina ladha ya chuma ajaribu kijiko cha mbao au plastiki, na samaki, mayai au maharage badala ya nyama. Kabla ya yote, tazameni kinywa. Utando mweupe kwenye ulimi mara nyingi ni fangasi, na una dawa. Asukutue kwa maji ya vuguvugu, kikombe kimoja na nusu kijiko cha chai cha chumvi, kila baada ya kula. Mdomo ukikauka, kipande kidogo cha nanasi cha kunyonya husaidia, ila si kwa mwenye vidonda mdomoni, kitamchoma. Na jamani, kama hana kisukari, mrudishieni sukari kwenye chai yake. Kumnyima mtu wa hali hii chai tamu hakupunguzi uvimbe hata kidogo.

Nguvu zake ni chache, kwa hiyo zipangiwe matumizi. Wengi huwa na nafuu asubuhi. Akitaka kwenda Ijumaa, kanisani au kwenye harusi ya binti wa jirani, siku hiyo aoge akiwa amekaa kwenye kigoda, avalishwe, apumzike saa nzima, anywe dozi yake nusu saa kabla ya kutoka. Bebeni dozi ya nyongeza kama ameandikiwa, maji, mto, kanga kuukuu na kikopo cha kutapikia. Mrudisheni kabla hajachoka. Aliyeambiwa saratani imeingia kwenye mifupa asipandishwe bodaboda, maana shimo moja la barabarani linaweza kumvunja. Akianza ghafla kulegea miguu au kushindwa kukojoa, apelekwe hospitali siku ileile, huenda uti wa mgongo unabanwa na kuchelewa kunaweza kumpoozesha.

Haya yote hayatasaidia kama hakuna aliyemwuliza anataka nini. Familia humficha mgonjwa ukweli ambao yeye keshauhisi, halafu zinampangia dua, wageni na safari za waganga mpaka hapumui. Mwulizeni kila asubuhi, "Leo ungependa nini?" Mmoja atataka redio na taarabu, mwingine kupakwa hina, mwingine kuachwa peke yake chini ya mwembe. Wageni wakae robo saa, wawili wawili.

Uganda iliwaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuandika mofini tangu 2004, na mgonjwa wa kijijini huko hamtegemei daktari aliye mbali. Tungependa mjadala wa ruhusa kama hiyo ufunguliwe kwenye kurasa zako pia. Jumamosi ya pili ya Oktoba, ambayo ni siku ya tiba shufaa duniani, magazeti huchapisha picha za maandamano na fulana. Mwaka huu tunaomba, pembeni ya picha hizo, lichapishwe jedwali la zile nyakati tano za dawa, kwa herufi kubwa, watu walikate na kulibandika ukutani.

Wauguzi wa tiba shufaa,
Tanga