Mwacheni aliye nyuma amalize mchujo

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wanachama wa chama chochote kinachoteua mgombea wake kwa kura za mchujo. Mchujo ukikaribia ukingoni, wapambe wa anayeongoza huanza kumshinikiza aliye nyuma ajitoe, eti kwa ajili ya umoja wa chama. Kwa maoni yangu, hao ndio wanaokipasua.

Mwaka 2008 huko Marekani, katika mchujo wa urais wa chama cha Democratic, kufikia mwezi Machi tayari wapo waliomtaka Hillary Clinton abwage manyanga amwachie Barack Obama. Hesabu ya wajumbe, wale wanaomteua mgombea kwenye mkutano mkuu wa chama, ilikuwa imemwendea vibaya, hilo halina ubishi. Lakini alikuwa bado anashinda: Pennsylvania mwezi Aprili, kisha West Virginia na Kentucky mwezi Mei. Sasa mpiga kura wa West Virginia aliyetoka kumchagua jana, leo unamwambia mgombea wake anakipotezea chama muda! Huyo Novemba, kwenye uchaguzi mkuu, utampata wapi?

Clinton aliendelea mpaka majimbo ya mwisho, Montana na South Dakota, yalipopiga kura tarehe 3 Juni. Tarehe 7 alisimama mbele ya wafuasi wake, akasitisha kampeni na kuwaomba wamuunge mkono Obama. Kabla mwezi haujaisha, wote wawili walipanda jukwaa moja katika mji mdogo wa Unity, New Hampshire, ambako kwenye mchujo kila mmoja alikuwa ameambulia kura 107. Kilichonigusa zaidi ni mkutano mkuu wa Denver mwezi Agosti. Majimbo yalikuwa yakitaja kura zao moja baada ya jingine, na zamu ya New York ilipofika, Clinton mwenyewe ndiye aliyetoa hoja kwamba zoezi hilo lisitishwe na Obama ateuliwe kwa sauti moja. Hoja hiyo, angeitoa mtu wa kambi ya Obama, ingewatonesha wajumbe wa Clinton kidonda. Kutoka kinywani mwake, waliipokea.

Hata hivyo, subira ina mwisho wake, na mwisho huo ni kura ya mwisho. Mwaka 1980, katika chama hichohicho, Edward Kennedy alimaliza mchujo akiwa nyuma sana ya Rais Jimmy Carter, lakini akapeleka vita hadi kwenye mkutano mkuu New York, akitaka kanuni ibadilishwe ili wajumbe wasifungwe na matokeo ya mchujo. Alishindwa. Usiku wa kufunga mkutano, picha ambayo Carter aliihitaji, ya wawili hao wameinua mikono kwa pamoja, haikupatikana. Novemba Carter alishinda majimbo 6 tu. Yapo mengine yaliyomwangusha, mfumuko wa bei na suala la mateka wa Iran, ila chama kilichokwenda kupambana na Ronald Reagan wa Republican kilikuwa kimegawanyika.

Kwa hiyo ombi langu kwa viongozi wa vyama ni hili: kura zilizobaki zipigwe, na mshindi akishajulikana makundi yavunjwe mara moja. Mshindi asisubiri kuangukiwa; awatafute waratibu wa mwenzake na kuwapa kazi ya maana kwenye kampeni. Na kwa wiki hizi zilizobaki, wazuieni wapambe wenu kuwaita wenzao wasaliti. Siku ya uchaguzi mtawahitaji haohao kulinda kura vituoni.

Msomaji wako