Chanjo ianzie mwaloni

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu maandalizi ya kukabili magonjwa ya mlipuko hapa Kigoma. Hesabu za kawaida za jinsi ugonjwa unavyoenea huchukulia kwamba kila mtu hukutana na wenzake kwa kiwango kilekile. Sivyo ilivyo mwaloni Kibirizi, ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki: mchuuzi wa dagaa hukutana na watu wengi kabla jua halijawa kali, ilhali mkulima wa michikichi hushinda na jamaa zake tu (na mbuzi).

Wanahisabati wanaochora mitandao ya watu wanaokutana wameonyesha kuwa kuwakinga wachache wenye kukutana na wengi huzuia maambukizi kuliko kuchanja kwa kubahatisha. Milipuko si migeni kwetu: mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika walikofurika wakimbizi wa Burundi, na wakimbizi hao waliondolewa kwa meli. Halmashauri iwaulize wakazi wachache: “Unakutana na nani zaidi?” Anayekutana na wengi hutajwa na wengi, hivyo watakaotajwa ndio wachanjwe kwanza.

Msomaji wako,
Mwanga, Kigoma