Chura hatafutwi saa saba mchana

Mhariri,

Kila Shimba Hills inapotajwa magazetini, habari ni ndovu na palahala. Sina ugomvi nao, ingawa ndovu wametumalizia mihogo. Leo naomba nafasi kwa ajili ya chura asiyefikia hata urefu wa kidole gumba.

Wataalamu humwita Hyperolius rubrovermiculatus. Alielezwa kisayansi mwaka wa 1975 na mtafiti wa Denmark, Arne Schiøtz, na anajulikana kwenye vilima hivi vya Kwale peke yake. Yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mgongo ni mweusi, umejaa michirizi myekundu iliyojipinda kama minyoo, na jina lake linasema hivyo hivyo. Akiwa mchanga rangi yake ni nyingine, hivyo asiyemzoea humdhania chura tofauti.

Februari, wapimaji wa mradi fulani wa maji walifika kwenye kinamasi kilicho nyuma ya shamba letu, ukingoni mwa msitu. Ilikuwa saa saba mchana na matope yamekauka hadi yakapasuka. Walizunguka, wakapiga picha, wakaondoka. Ripoti iliposomwa barazani, penye vyura paliandikwa: "Hakuna."

Masika yalipoanza nilirudi pale saa tatu usiku, mimi na mjukuu wangu na kurunzi. Makelele yalikuwa ya kutulazimisha kupaza sauti ili tusikizane. Juu ya tete moja alikuwa ameng'ang'ania dume, koo limevimba kama puto, wekundu wa mgongo ukimetameta kwenye mwanga. Mjukuu alihesabu kumi na mmoja kisha akachoka.

Mimi si mtaalamu, na huenda baadhi yao walikuwa wa aina nyingine. Basi atumwe anayewajua. Aje usiku wa mvua, tena si mara moja, arekodi sauti zao, aandike tarehe, saa, kina cha maji, majani waliyokalia, na pia alipotafuta akakosa. Ramani ya makazi ya chura hujengwa kwa nukta hizo. Kinamasi kisicho na nukta huonekana bure tu. Kesho kinachimbiwa mfereji, keshokutwa kimeota mikalitusi.

Mradi siupingi, maji ya bomba tunayahitaji sana. Ninachoomba ni lile neno "Hakuna" lifutwe, na mahali pake paandikwe: "Hatukuona. Februari, saa saba mchana."

Mkulima, Kwale