Umri wa mtoto unapangwa kaunta

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu enzi za kuazimana nakala moja mtaa mzima na sijawahi kukuandikia, ila ile habari ya wadau kukaa hotelini kutaka Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 irekebishwe imenishinda. Eti tatizo ni umri wa kuwajibika kwa jinai, miaka 10, ni mdogo mno. Mdogo kweli. Lakini hata ukiupandisha ukafika 14, mtoto aliyepangiwa umri kaunta ya polisi utamsaidia nini?

Mpwa wangu ana miaka 15. Alikamatwa mnadani akisingiziwa simu. Nafika kituoni, nakuta ameshaandikwa miaka 19 na amelazwa na watu wazima, mmoja wao ana kesi ya kubaka. Nikatoa kadi ya kliniki, tarehe ya kuzaliwa kwa mwandiko wa nesi, uzito kilo mbili na nusu. Afande akaitazama, akamtazama kijana, akasema, "Mzee, huyu mbona ana ndevu?" Ndevu! Sheria inataka mahakama ichunguze umri. Inataka afisa ustawi wa jamii awepo kesi ya mtoto ikisikilizwa. Kifungu cha 119 kinakataza katakata mtoto kuhukumiwa kifungo. Yote hayo yamefutwa na tarakimu mbili za peni ya mtu mmoja! Afisa ustawi mwenyewe nilimpata baada ya kuhangaika sana. Hana hata pikipiki, na kata zote anategemewa yeye.

Halafu hivyo vyeti vya kuzaliwa. Walio chini ya miaka 5 siku hizi wanapewa bure, hongera. Hawa wakubwa, ambao ndio wanaokamatwa, wanaambiwa nenda wilayani, lete kiapo, rudi wiki ijayo, mtandao hausomi. Na shule ya maadilisho, ambako mtoto aliyetiwa hatiani hupelekwa badala ya jela, tunayoisikia nchi nzima ni Irambo tu, kule Mbeya.

Wadau wakimaliza chai, naomba hili: kwenye hati ya mashtaka nafasi ya umri iachwe wazi mpaka afisa ustawi aje aijaze yeye, kwa wino mwekundu, na namba yake ya simu pembeni. Afande atakayeng'ang'ania ndevu, naye alete kadi yake ya kliniki tuione.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Singida