Josh Gibson juu ya Ty Cobb: barua kwa Hamisi

Kansas City, Missouri

Swahiba yangu Hamisi,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi na watoto hatujambo, na baridi imeanza kulegea. Natumai nanyi hapo Tanga ni wazima, na kwamba miguu ya mama imepata nafuu. Mfikishie shikamoo yangu.

Ujumbe wako niliusoma nikaurudia, nikaona jibu lake haliwezi kuenea kwenye simu. Unasema wakuu wa besiboli ya Marekani walikosea walipozichukua takwimu za ligi za watu weusi na kuziingiza kwenye daftari lao rasmi, kwa kuwa mtu aliyehesabiwa mechi mia sita na kidogo hawezi kukaa juu ya mtu aliyecheza zaidi ya elfu tatu. Wewe ni mwalimu wa hesabu, naelewa kwa nini jambo hilo linakukera. Mimi nimesimama upande wa pili, na nataka unisikilize hadi mwisho.

Desemba 2020 MLB, yaani ligi kuu ya besiboli ya Marekani, ilitangaza kwamba ligi saba za weusi zilizochezwa kati ya 1920 na 1948 zilikuwa ligi kuu sawa na nyingine. Mwishoni mwa Mei 2024 hesabu zenyewe zikaingizwa, za wachezaji zaidi ya 2,300. Papo hapo kilele kikabadilika. Ty Cobb, ambaye wastani wake wa kupiga wa 0.367 ulikaa juu miaka na miaka, akashuka nafasi ya pili, na Josh Gibson, mdakaji wa ligi za weusi, akapanda na 0.372. Yaani katika kila zamu 1,000 za kupiga, Gibson alipata mapigo halali 372. Babe Ruth naye akapitwa na Gibson kwenye kipimo cha uzito wa mapigo, kinachohesabu pia kila pigo limemfikisha mpigaji umbali gani, 0.718 kwa 0.690. Na rekodi ya msimu mmoja, 0.440 ya Hugh Duffy ya mwaka 1894, ikaangushwa na 0.466 ya Gibson ya mwaka 1943.

Hoja yako ya uchache wa mechi siikatai. Msimu wa ligi za weusi ulikuwa na mechi kama 60 hadi 80, wakati wazungu walicheza 154. Kumwingiza Gibson kwenye orodha ya maisha yote ya uchezaji kulihitaji kiwango cha chini cha zamu 1,800, ilhali kwa wengine ni 5,000. Hayo yametangazwa wazi. Lakini jiulize kwa nini mechi zilikuwa chache. Wale watu hawakukaa nyumbani, Hamisi. Walicheza karibu kila siku, pengine mara mbili kwa siku. Mapato ya ligi hayakutosha kulipa mishahara, basi timu zikazunguka kwa gari kutoka mji hadi mji zikicheza na timu za wenyeji, za viwanda, za yeyote aliyeweza kujaza uwanja. Kusini mwa nchi hoteli ziliwafungia milango, wakalala humo humo ndani ya basi. Mechi hizo zote hazimo kwenye hesabu. Zilizoingia ni za ligi peke yake, zenye karatasi ya matokeo iliyopatikana.

Matokeo yake yanaonekana kwa Gibson mwenyewe. Kibao chake kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli la Cooperstown kinasema alipiga karibu mipira 800 ya kutoka nje ya uwanja, katika mechi za ligi na zisizo za ligi. Daftari rasmi halimpi hata 200. Kwa hiyo anayesema takwimu hizi zimewapendelea weusi angeanzia hapo. Kwenye wastani Gibson ni wa kwanza, lakini kwenye jumla ya mipira iliyotoka nje huwezi kumwona popote karibu na Ruth mwenye 714 au Barry Bonds mwenye 762. Vipimo vya jumla vinahitaji mechi nyingi zenye kumbukumbu, na hizo ndizo alizonyimwa.

Sasa turudi kwa huyo Duffy, maana ndiye aliyenifanya nikae niandike. Mwaka 1893 umbali kati ya mrushaji na mpigaji uliongezwa ukawa futi 60 na inchi 6, kama ulivyo leo. Warushaji walikuwa bado hawajauzoea, na mwaka 1894 wastani wa wapigaji ukapanda ligi nzima. 0.440 ya Duffy ilizaliwa katika msimu huo. Sijawahi kusikia mtu akidai ifutwe au iwekewe alama ya shaka. Kuna pia Fred Dunlap, aliyepiga 0.412 mwaka 1884 katika Union Association, ligi iliyoishi msimu mmoja tu. Timu yake ya St. Louis ilishinda mechi 94 ikapoteza 19, kwa sababu wapinzani wengi walikuwa dhaifu na wengine walivunjika katikati ya msimu. Ligi hiyo ilihesabiwa kuwa ligi kuu na kamati ya mwaka 1969 iliyokaa kuamua nani aingie na nani asiingie. Kamati hiyo hiyo ilizipitisha ligi sita, na za weusi hazikuwemo hata moja. Na mwaka 2020, kwa ajili ya korona, kila timu ilipangiwa mechi 60 tu, lakini mabingwa wa kupiga wa msimu ule walipewa taji lao kamili. Kama mechi 60 zinamtosha bingwa wa 2020, zinashindwaje kumtosha Gibson wa 1943?

Lakini sitaki ubishi wetu uishie kwenye idadi ya mechi, kwa kuwa jambo linaloniuma liko kwingine. Wewe unazungumza kana kwamba daftari lilikuwa safi hadi 2024, kisha likaingizwa takwimu za enzi ya ubaguzi. Takwimu za enzi ya ubaguzi zimo humo tangu zamani. Cobb alicheza kuanzia 1905 hadi 1928. Ruth alianza 1914 akamaliza 1935. Katika mechi zao zote rasmi hakuna hata mmoja wao aliyekabiliwa na mrushaji mweusi, kwa sababu mweusi hakuruhusiwa kukanyaga uwanja ule. Moses Fleetwood Walker, mtu mweusi, alichezea timu ya ligi kuu ya Toledo mwaka 1884, na baada ya hapo mlango ukafungwa, bila sheria iliyoandikwa, hadi Jackie Robinson alipoingia na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947. Kwa hiyo 0.367 ya Cobb ni wastani dhidi ya baadhi ya warushaji bora wa zama zake, kama ilivyo 0.372 ya Gibson. Kama ubaguzi unaharibu takwimu, umeziharibu za pande zote mbili. Huwezi kumwekea alama Gibson ukamwacha Cobb.

Hapa Kansas City ndipo Rube Foster, mmiliki wa timu ya weusi ya Chicago, na wenzake walipokutana Februari 1920, kwenye jengo la YMCA la mtaa wa Paseo, wakaanzisha Negro National League. Karibu na hapo, pembeni ya 18th na Vine, ipo makumbusho ya ligi hizo. Ukiingia unaona uwanja mdogo wenye sanamu za shaba za wachezaji, kila mmoja kwenye nafasi yake: Satchel Paige anarusha, Martín Dihigo ameshika gongo, Gibson amechutama nyuma yake na glavu ya kudakia. Ila huwezi kuwafikia. Umetenganishwa nao na wavu wa waya, ule wa banda la kuku, na unalazimika kuizunguka historia yote, picha kwa picha, kabla ya kuruhusiwa kuingia uwanjani. Nilipokwenda na mwanangu mdogo alikuwa amebandika uso kwenye wavu akiuliza tutaingia lini. Tulipofika, akaenda moja kwa moja kuchutama kando ya Gibson. Mikono ya sanamu ile ni minene, ya mtu wa kazi. Nilisimama pale nikawaza kwamba alifariki tarehe 20 Januari 1947, ana miaka 35, miezi mitatu pungufu kabla ya Robinson kuingia. Kaburi lake kule Pittsburgh lilikaa bila jiwe la jina hadi miaka ya 1970.

Nawe uliniuliza takwimu zenyewe zimetoka wapi, na kama ni za kuaminika. Magazeti makubwa ya weusi, Pittsburgh Courier na Chicago Defender, yalitoka mara moja kwa wiki, basi hayakuwa na nafasi ya kuchapa matokeo ya kila mechi. Magazeti ya kila siku ya wazungu yaliandika yalipotaka. Watafiti wa kujitolea, hasa wale wa hifadhi inayoitwa Seamheads, wamekaa miaka kwenye maktaba wakisoma magazeti ya kale kwenye filamu, ukurasa hadi ukurasa, wakitafuta kile kijedwali kidogo cha majina, zamu na mapigo. Mara nyingine mchezaji ameandikwa jina la ukoo tu, na inabidi kubaini ni yupi. John Thorn, mwanahistoria rasmi wa MLB aliyeongoza kamati ya kukagua, alikadiria kwamba zimepatikana karibu robo tatu ya takwimu zote za ligi hizo. Namba zitaendelea kusogea kadiri magazeti mengine yanavyopatikana. Hilo halinitishi. Nataka tu kila orodha ioneshe idadi ya mechi au zamu pembeni ya wastani, wazi, kwa wote, Duffy na Dunlap wakiwemo. Msomaji apewe vyote apime mwenyewe.

Wapo pia watu weusi wa hapa wanaosema Gibson hahitaji muhuri wa MLB, na kwamba ligi zile zilikuwa kubwa zenyewe bila muhuri huo. Nawaheshimu, na sehemu ya kwanza nakubaliana nayo kabisa. Ila waliofunga mlango ndio wenye daftari, na kulirekebisha ni wajibu wao. Wala si kwamba walichukua majina peke yake. Branch Rickey, mkuu wa Brooklyn Dodgers, alipomchukua Robinson kutoka Kansas City Monarchs, timu ya weusi ya hapa, hakuwalipa Monarchs hata senti. Mwaka mmoja baada ya Robinson kuanza, Negro National League ilikuwa inacheza msimu wake wa mwisho. Ligi ya wazungu ilikua kwa nguvu ya wachezaji wale huku ile ya weusi ikififia. Sasa mapigo 49 ya Robinson na Monarchs ya mwaka 1945 yanahesabiwa. Na Willie Mays ameongezewa mapigo 10 aliyoyapata na Birmingham Black Barons mwaka 1948, akiwa kijana wa miaka 17. Jumla yake ikawa 3,293. Aliiona hesabu hiyo kabla hajafa, kwa wiki tatu tu. Alifariki tarehe 18 Juni 2024.

Ninalosumbuka nalo mimi ni huo mstari wa 1948. Negro American League, ligi nyingine ya weusi, iliendelea kucheza baada ya hapo. Hank Aaron alichezea Indianapolis Clowns, timu ya ligi hiyo, mwaka 1952, na mapigo yake ya huko hayahesabiwi. Sababu inayotolewa ni kwamba wachezaji bora walikuwa wameshaanza kuhama, kwa hiyo kiwango kilishuka. Lakini baadhi ya timu za wazungu zilikuwa bado hazina mweusi hata mmoja. Boston ilikaa hadi 1959. Ukisema ligi ya weusi ilikoma kuwa kuu 1948, unawaambia nini vijana waliokuwa bado wanasubiri mlango wa Boston ufunguliwe? Hapo sina jibu linaloniridhisha. Wewe unayepima kila kitu kwa hesabu, nieleze ungeuweka wapi mstari huo, na kwa kigezo gani.

Karatasi nimejaza. Wasalimie wanafunzi wako, na mwambie kaka yako ile fulana ya Monarchs nimeipata, nitampa mtu anayesafiri kuja huko.

Wasalaam,
Rafiki yako,
Salimu