Kamera ya baiskeli: uliza betri kwanza, 4K baadaye

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, leo nataka kuongea na wenzangu tunaopiga pedeli kwenda kazini hapa Dar, maana naona siku hizi kila mtu anataka kamera ya baiskeli na Kariakoo tunauziwa vitu vya ajabu. Muuzaji cha kwanza anachokuonesha ni maandishi ya 4K kwenye boksi, yaani picha kali kuliko zote. Ukimuuliza inakaa na chaji masaa mangapi anakwambia "hiyo bosi inakaa sana". Sana ndo masaa mangapi?

Hizi kamera ndogo za bei ya chini nyingi zina betri ya 900 mAh hivi (hicho ndo kipimo cha chaji inayobeba), ukirekodi mfululizo kwa 1080p, ubora wa chini ya 4K, unapata saa moja na kidogo basi. Hata GoPro, zile kamera za jina kubwa, ambazo hela yake unapata baiskeli nyingine ya mtumba na chenji inabaki, kuanzia Hero9 mpaka Hero12 betri ni 1720 mAh na ukiweka ubora wa juu zinacheza kwenye saa moja au moja na nusu. Sasa mtu anatoka Mbezi mpaka Posta, foleni ya Ubungo, jua, halafu jioni arudi, betri itakuwa ishakufa zamani na lori la kukuchomekea halisubiri uchaji. Zipo zilizotengenezwa makusudi kukaa muda mrefu, mfano Drift Ghost XL, wenyewe wanasema masaa 9 kwa 1080p na haina kioo cha kutazamia video, lakini hiyo mpaka uagize.

Kwa sisi wa laki mbili kushuka chini mi nasema hivi, tafuta kamera inayorekodi huku imechomekwa kwenye pawabenki. Nenda dukani na pawabenki yako na waya wako, chomeka, washa, bonyeza rekodi, uone mwenyewe. Kuna zingine ukichomeka tu waya zinaleta picha ya betri inajaa na kugoma kurekodi, zingine zinajifanya flashi ya kuhamishia mafaili badala ya kurekodi, hizo mrudishie palepale kabla hujatoa hela. Halafu toa betri kabisa ujaribu tena, ikiwaka kwa pawabenki peke yake hiyo ndo yenyewe, kwa sababu betri inayochajiwa huku inapiga kazi na jua la saa saba liko juu yake inachemka, na betri za lithiamu haziwezi joto, zinavimba mpaka kifuniko hakifungi. Pawabenki ya 10,000 mAh inakutoa kwenda na kurudi bila wasiwasi, iweke kwenye kibegi cha fremu, waya uwe mfupi na uufunge kwa mpira wa tyubu usije ukaingia kwenye spoku. Kasoro ni mvua, maana ukichomeka waya lile kasha la kuzuia maji halifungi tena, so kipindi cha masika jiandae na mfuko wa plastiki.

Ukishanunua zima waifai, kioo kijizime baada ya dakika moja, baki na 1080p fremu 30 kwa sekunde, 4K achia watu wa harusi. Washa luupu ili kadi ikijaa ifute video za zamani yenyewe. Na tarehe jamani! Kamera nyingi ukitoa betri saa inarudi miaka ya nyuma huko, so wewe uliyetoa betri kama nilivosema hapo juu itabidi uiweke kila asubuhi, inakera lakini fanya, maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa hivi mahakamani ila wanaangalia kama unaaminika, sasa video inasema 2016 na wewe umegongwa juzi utaeleza nini?

Memori kadi ndo balaa kabisa. Imeandikwa GB 256 ndani ziko 8, inajifanya inarekodi kumbe inaharibu. Ijaribu kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa kadi, kwenye kompyuta kabla hujaiamini, chukua orijino ya 64 iliyoandikwa High Endurance, yaani ya kuvumilia kurekodiwa kila siku, 1080p kwa saa inakula kama GB 6 mpaka 8 so inatosha sana tu.

Wenzetu wa bodaboda mna raha, betri ya volti 12 mnayo, fundi anawawekea soketi ya USB, ila mwambieni apitishe kwenye swichi ya funguo isije ikanyonya betri usiku kucha.

Mhariri, ombi langu ni hili, tutafutieni mtu wa trafiki atuambie ukiwa na klipu ya daladala lililokusukumia mtaroni unaipeleka wapi, kituoni na flashi au kuna namba ya kutuma. Kule Wales polisi wana mpango unaitwa Operation Snap, raia anatuma video yake kwa mtandao na dereva anaweza kuchukuliwa hatua. Sisi tunaanzia wapi?

Mpiga pedeli,
Mbezi, Dar es Salaam